Jina la Kibaoni si Kampuni



Wengi wetu tuna kiduka kiangaliwacho na mke au ndugu, kwa kuwa mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Sina neno juu ya hayo. Neno langu ni juu ya kibao cha mlangoni.

Miaka sita iliyopita mimi na wenzangu wawili tulifungua mkahawa. Tukaandikisha jina kwa Msajili, cheti tukakitia kioo, na kibaoni tukaandikiwa "na Kampuni" kwa rangi nyekundu. Tukajiona matajiri! Mwenzetu mmoja akakopa unga na sukari kwa jina la mkahawa, kisha akahama mji. Mwenye duka la jumla hakumfuata. Alinijia mimi, maana ndimi niliyekuwa na mshahara. Nikamwonyesha cheti. Akacheka, na haki alikuwa nayo. Nililipa kwa miezi kumi na minne, na ng'ombe wa mama akauzwa.

Cheti cha jina chawaambia watu ni nani walio nyuma ya jina, basi. Jina haliwi mtu. Mwenye duka peke yake hudaiwa hata vyombo vya nyumbani. Na katika ubia, mbia mmoja aweza kubanwa kwa deni zima, kisha amtafute mwenziwe akimpata.

Kampuni ya kweli ni jambo jingine. Aron Salomon, mtengenezaji viatu wa London, aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwaka 1892. Hisa 20,001 zilikuwa zake. Mkewe na watoto watano walipata moja moja. Kampuni ilipofilisika, mfilisi alitaka Salomon alipe. Mwaka 1896 Baraza la Malodi likaamua kwamba kampuni ni mtu mbali naye, na deni lake si la Salomon. Hapa Kenya, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yaruhusu hata mtu mmoja kuunda kampuni.

Lakini benki ikikutaka utie sahihi dhamana kwa jina lako mwenyewe, nawe ukatia, ukuta umeubomoa. Tena kampuni yataka hesabu zisizochanganywa na za nyumbani, na taarifa kwa Msajili kila mwaka. Kwa genge la mboga sioni haja. Kwa watu watatu wakopao bidhaa, naiona sana.

Aliye na hati za ubia na azilete Jumamosi, tuzisome pamoja.