Jembe Tumempa, Kiti Je?

  Aliye na Biblia karibu na aifungue katika kitabu cha Nehemia, mlango wa 3. Tutafika huko baada ya muda mfupi.

Wazee walituachia mithali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni mithali ya heshima. Siku mbili mgeni anakula na kupumzika, na siku ya tatu anahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, mwenye mikono ya kufanya kazi kama wengine. Lakini asubuhi hii tunataka kuuliza jambo ambalo mithali haikutuambia. Mgeni huyo akiisha kulima pamoja nasi, siku ya kukata shauri la shamba anaketi wapi? Jembe tumempa. Kiti je?

Ndugu wasikilizaji, tuwachukue kwa mawazo mpaka mji wa Boston, nchini Marekani. Katika mji huo iko sehemu iitwayo Roxbury, na ndani yake barabara iitwayo Dudley Street. Miaka ya 1980 watu wa namna nne walikuwa wakikaa hapo. Walikuwako Wamarekani Weusi. Walikuwako waliotoka Puerto Rico na nchi nyingine zisemazo Kihispania. Walikuwako wahamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde, vilivyo magharibi mwa Afrika yetu, ambavyo vilitawaliwa na Wareno mpaka mwaka 1975. Na walikuwako Wazungu wachache waliobaki wenzao walipohama.

Mtaa huo ulikuwa umeumia. Nyumba nyingi zilikuwa zimeungua, na nyingine zilichomwa makusudi ili wenyewe wapate fedha za bima. Viwanja vitupu vilifika kama 1,300. Watu wa mbali waliviona vitupu, wakaja na malori kumwaga takataka: magari mabovu, majokofu ya zamani, hata nyama iliyooza. Watoto walicheza kando ya uvundo huo.

Basi mwaka 1984 wafadhili fulani na mashirika ya misaada waliuona mtaa huo, wakahurumia. Hawakuwa watu wabaya. Walikaa, wakapanga, wakaandika utaratibu wa chama kipya cha kuufufua mtaa, kisha mwezi wa Februari mwaka 1985 wakawaita wananchi katika kanisa Katoliki la St. Patrick wasikie habari hiyo njema. Lakini wananchi walipotazama orodha ya baraza, waliona kwamba viti vingi ni vya mashirika, na vya wakaaji ni vichache sana. Ndipo watu wakaanza kusimama na kuuliza. Swali lao lilikuwa jepesi, lakini lilichoma: katika ninyi mlioketi mbele, ni wangapi wanaokaa katika mtaa huu?

Tuseme kweli, wapenzi wasikilizaji. Mfadhili akiulizwa swali kama hilo, ni rahisi akunje karatasi zake na kwenda zake akisema watu hawa hawana shukrani. Wafadhili wale hawakufanya hivyo. Walikubali kwamba wamekosea mwanzo, na utaratibu ukaandikwa upya. Katika utaratibu mpya wakaaji walipewa nguvu ya kuamua, na yale makundi manne yalipewa viti sawasawa. Haikuulizwa kundi lipi lina watu wengi, wala lipi lilitangulia kufika. Mtu wa Cape Verde, ambaye ulimi wake ulikuwa bado unajikwaa katika Kiingereza, aliketi kiti kilicho sawa na cha mzaliwa. Tena mikutano ilitafsiriwa katika Kiingereza, Kihispania na lugha ya watu wa Cape Verde, maana kiti bila kusikia kinachosemwa si kiti.

Chama hicho, kinachoitwa Dudley Street Neighborhood Initiative, kiliajiri watumishi wa kuwakusanya watu, wenyeji na wahamiaji. Kazi yao ilikuwa kupita mlango kwa mlango, kupiga hodi, kuuliza, na kunyamaza wasikie. Na jibu walilolisikia halikuwa la majumba makubwa. Watu walisema: kwanza tuondoleeni taka. Basi mwaka 1986 mtaa mzima ukaungana katika jambo hilo moja, na baraza la mji chini ya Meya Raymond Flynn likalazimika kusafisha viwanja na kufunga sehemu za kumwagia taka zilizokuwa zikivunja sheria. Ushindi huo mdogo uliwapa moyo. Mwaka 1988 chama hicho kilipewa mamlaka ambayo hakuna chama cha mtaa kilichowahi kupewa Marekani kabla yake, yaani mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyoachwa vitupu, kwa malipo ya haki, ili vijengwe. Leo ardhi hiyo inashikwa kwa niaba ya mtaa, na juu yake zimejengwa nyumba zaidi ya 200 ambazo watu wa mapato madogo wanaweza kuzimudu. Kijana mmoja wa wazazi waliotoka Cape Verde, John Barros, aliingia katika baraza la chama akiwa na umri wa miaka 17. Baadaye yeye mwenyewe akawa mkurugenzi wake. Ndivyo kiti kinavyofanya kazi: aliyekikalia akiwa kijana aliweza kuwaongoza wengine alipokuwa mtu mzima.

Sasa turudi kwa Nehemia. Mtu huyu alitoka mbali, katika jumba la mfalme, akiwa na barua na miti ya kujengea. Yeye pia alikuwa mfadhili. Lakini angalieni alivyoanza. Hakufungua mkutano siku ya kwanza. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazunguka akitazama kuta zilizobomoka kwa macho yake. Ndipo aliposema na watu, na aliposema hakuwaambia kwamba atawajengea, bali kwamba wajenge pamoja.

Na mlango wa 3, ambao wengi wetu tunauruka kwa sababu umejaa majina, ndio utukufu wa habari hii. Humo tunasoma ya kwamba wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hao ndio wakaaji. Na kando yao tunasoma habari za watu wa Yeriko, wa Tekoa, wa Gibeoni na wa Mispa. Hao hawakukaa Yerusalemu, lakini kila kundi lilipewa sehemu yake ya ukuta, na majina yao yakaandikwa katika kitabu kimoja na ya wenye mji. Tena tunaambiwa kwamba wakuu wa Tekoa hawakutaka kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Hilo nalo limeandikwa. Na katika mlango wa 4 wajenzi wanalia kwamba kifusi ni kingi mno. Wapenzi wasikilizaji, tangu zamani watu hawawezi kujenga wakiwa wamezungukwa na taka.

Hatusemi haya ili kuwahukumu wengine, maana sisi wenyewe tumeanguka hapo. Katika parokia moja tuliyoitumikia walikuwako akina mama waliokimbia vita Kongo. Tuliwahurumia. Tukafanya harambee, tukanunua cherehani sita, na kamati ya watu wanane iliyopanga jambo hilo haikuwa na hata mtu mmoja kutoka mtaa wao. Siku ya kuzizindua tulipiga picha. Baada ya miezi miwili cherehani zilikuwa zimefunikwa vumbi, nasi tukaanza kunung'unika kwamba watu hawa ni wavivu. Mama mmoja alitujibu kwa upole, akasema, "Baba Mchungaji, kushona tunajua tangu kwetu. Shida yetu ni watoto. Asubuhi tukienda kuuza, nani anabaki nao? Mngetuuliza, tungewaambia." Neno hilo, mngetuuliza, lilituingia kuliko mahubiri mengi tuliyosikia chuoni. Mama huyo sasa tulimwomba aingie katika kamati, pamoja na mwenzake. Chumba cha nyuma ya kanisa kikafanywa mahali pa kulelea watoto, na mama wa Kongo wakapeana zamu na mama wenyeji. Ndipo cherehani zikaanza kulia.

Hapa ndipo Injili ilipo. Mungu alipotaka kutuokoa, hakuandika mpango juu mbinguni na kututumia kwa mjumbe, akakaa mbali kutazama matokeo. Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Kama mmoja wetu angethubutu kumwuliza Bwana Yesu, "Je, wewe unakaa hapa?" angeweza kujibu, "Ndiyo. Nililala katika hori lenu, nilikimbilia Misri nikiwa mkimbizi, nilichoka katika njia zenu." Na Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso katika mlango wa 2, anatukumbusha kwamba sisi tuliokuwa wageni tumefanywa watu wa nyumbani mwa Mungu. Hatukupewa jembe peke yake. Tulipewa mahali mezani.

Basi juma hili tunawaomba mfanye jambo moja. Kama wewe ni mzee wa kanisa, au mwenyekiti wa kikundi, au mama wa Mothers' Union, hesabu viti vya kamati yako. Tazama ni nani anayefagia, anayepika na anayebeba, lakini hajawahi kuulizwa neno. Pengine ni mgeni kutoka nchi jirani. Pengine ni mwenyeji maskini aliye mgeni katika mtaa alikozaliwa. Mwendee kwake, piga hodi, mwulize, kisha unyamaze usikie. Mkutano ujao utakuwa mrefu zaidi, hilo hatuwafichi. Lakini ukuta utasimama.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuja ukakaa kwetu, utusamehe kwa mara nyingi tulizopanga habari za jirani bila kumwuliza jirani. Utupe masikio kabla ya midomo. Ukibariki kila kikundi ambamo wageni na wenyeji wanajenga pamoja, na uandike majina yao katika kitabu kimoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, na siku yenu iwe njema.