Mwanagenzi wa Tarafa Atoke Ofisini



Mwaka 2025 ramani ya utawala ya Burundi ilibadilika. Mikoa 18 ikawa 5, na tarafa 119, ambazo wengi wetu huziita komini, zikawa 42. Rumonge, iliyofanywa mkoa mwaka 2015, ikarudi kuwa tarafa, safari hii ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Hoja iliyotolewa ni kwamba tarafa chache zilizo kubwa zitakuwa na uwezo zaidi wa kujiendesha.

Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini tarafa inapopanuka, njia ya kwenda ofisini nayo hurefuka. Mchuuzi wa dagaa aishiye karibu na bandari ya Rumonge huenda asione tofauti. Ataiona mkulima wa michikichi aliye juu mlimani, ambaye kwake karatasi moja yenye muhuri ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Kwa sababu hiyo, leo tunamzungumzia mtu asiyetajwa sana: kijana mwanagenzi, aliyetoka shuleni au chuoni, anayejifunza kazi katika ofisi ya tarafa. Mara nyingi kijana huyu hupewa kazi ya kupanga mafaili, kupeleka barua, na kupanga viti siku ya sherehe. Miezi yake ikiisha huondoka na cheti, naye hajapata kuijua serikali inavyoonekana machoni mwa raia.

Hiyo ni hasara kwa pande zote mbili. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanagenzi ni mgeni wa namna hiyo. Ana miguu yenye nguvu, anasoma Kifaransa kilichoandikwa kwenye fomu, na anaweza kumweleza mzee maana yake kwa Kirundi au kwa Kiswahili, lugha ambayo wakazi wengi wa mwambao wetu huizungumza sokoni na gatini. Kumfungia mtu huyu chumbani ni kuacha jembe ghalani wakati wa masika.

Basi mahali pake ni wapi? Ni pale ambapo watu wamekwisha kukusanyika. Jumamosi asubuhi, kwa desturi ya nchi, raia hutoka kwa kazi za pamoja: kuzibua mifereji, kutengeneza barabara, kupanda miti. Katika juma la afya ya mama na mtoto, akina mama hufika na watoto wao kupata vitamini A na dawa ya minyoo. Panapo mkusanyiko kama huo, iwekwe meza moja, na wanagenzi wawili waketi pamoja na mtumishi mwenye mamlaka ya kuandikisha.

Kila mama aulizwe: mtoto huyu ameandikishwa? Swali hilo si dogo. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, na mwaka 2006 serikali ikatangaza matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Lakini mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huweza kusimama mbele ya mlango uliofunguliwa kwa ajili yake na asiruhusiwe kuingia.

Tukumbuke pia mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofurika na maji kuingia katika nyumba za watu Rumonge. Mtu aliyefukuzwa na maji huhitaji kwanza chakula na mahali pa kulala, na ili avipate kwa haki, sharti jina lake liwe limeandikwa: ana watoto wangapi, ana mgonjwa nyumbani, amepoteza hati zipi. Anayeandika orodha ile kwa uangalifu huokoa. Anayeiandika kwa upendeleo hudhulumu.

Hapa ndipo mafunzo yenyewe yalipo. Kijana afundishwe kwamba penye meza ile haulizi mtu ni wa chama gani, wa dini gani, wala alirudi lini kutoka ukimbizini Tanzania. Afundishwe kutopokea hata ndizi moja kwa ajili ya huduma ambayo ni haki ya raia. Na jioni alete kwa mkuu wa tarafa daftari la maswali aliyoshindwa kuyajibu, ili baraza liyajue.

Wakuu wa tarafa nao wana wajibu wao. Wampe kijana kitambulisho, nauli, na mtumishi mzoefu wa kumwongoza. Sherehe yenye hotuba na ngoma ni njema, na hakuna anayeipinga. Lakini ngoma ikinyamaza, raia hurudi nyumbani na kujiuliza amebeba nini. Na tuwawezeshe wanagenzi wetu, ili raia yule arudi mlimani akiwa na cheti cha mtoto wake mkononi.