Tabia Ina Dawa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka, mbele ya wazee, akina mama na vijana)



Mada niliyopewa ni kubadili itikadi za nafsi ili roho ipate kukua na kutulia. Nilipoisoma katika barua ya mwaliko nilishituka kidogo, na huenda baadhi yenu mmeshituka pia. Je, Mwislamu hubadilisha itikadi yake? Basi niseme mapema: nguzo za imani hazimo katika mazungumzo haya. Mwenyezi Mungu ni Mmoja, Muhammad (s.a.w.) ni Mtume wake, na Siku ya Malipo ni haki. Hayo tumeyashika, na tunamwomba Mola atufishe nayo.

Lakini chini ya itikadi hizo tunazozitamka, kila mmoja wetu anazo nyingine ambazo hakufundishwa madrasa. Amezirithi nyumbani, amezisikia barazani, au amejitungia mwenyewe siku aliyoumizwa. Zinahusu nafsi yake: yeye ni mtu wa namna gani, anaweza nini na hawezi nini, na Mola wake atamtendeaje. Hazitamki kwa sauti, lakini ndizo zinazomwongoza tangu alfajiri hadi anapolala. Leo nitazungumzia moja tu kati ya hizo, kwa kuwa naiona katika nyumba nyingi, na kwa kuwa niliishi nayo mimi mwenyewe miaka mingi. Ni ile isemayo: "Mimi ndivyo nilivyo."

Urithi nilioupokea

Nitaanza na nafsi yangu, maana si adabu kufunua chungu cha jirani na hali changu kinaungua.

Katika ukoo wetu husemwa kwamba wanaume wetu wana hasira. Babu alikuwa nayo, baba alikuwa nayo, nami nikaipokea kama mtu apokeavyo shamba la urithi. Hata nikaionea fahari. Nilikuwa nikiswali safu ya mbele. Nilikuwa nikifunga Jumatatu na Alhamisi. Na watoto wangu walipokuwa wakisikia kengele ya baiskeli yangu, walikuwa wakitawanyika. Mke wangu aliponisihi, nilimjibu kwa neno moja: "Ulinikuta hivi."

Kijana wangu wa kwanza alipokuwa na miaka 19, alipoteza fedha za mauzo ya nazi. Nilimwambia mbele ya majirani maneno ambayo sitayarudia ndani ya nyumba hii ya Mwenyezi Mungu. Alfajiri yake tulikuta kitanda kitupu. Hakukanyaga nyumbani kwa miaka minne.

Ndugu zangu, hata hilo halikunibadilisha. Nilisema ni mapenzi ya Mungu, nikaendelea na nyiradi zangu. Kilichonivunja ni jambo dogo. Jioni moja nilimsikia mwanangu wa mwisho, mtoto wa miaka tisa, akimtukana dada yake kwa maneno yangu yaleyale na kwa sauti yangu ileile. Nilipomkemea alinijibu bila utovu wa adabu, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote: "Baba, si watu wa kwetu ndivyo tulivyo?"

Nilikaa barazani mpaka Magharibi. Niliona kwamba kuna itikadi niliyomfundisha mtoto huyu vizuri zaidi kuliko nilivyomfundisha Suratul Fatiha.

Amri haitolewi kwa asiyeweza

Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Huraira na kuandikwa na Imam Bukhari, mtu mmoja alimwendea Mtume Mtukufu (s.a.w.) akaomba usia. Mtume akamkataza kukasirika. Yule mtu akarudia ombi lake mara kadhaa, na kila mara jibu likawa lile lile.

Nilikuwa nikiijua hadithi hiyo tangu utotoni, nami niliwahi kuwasomea wengine. Usiku ule niliitazama upya. Je, Mtume wa Mwenyezi Mungu anaweza kumkataza mtu jambo ambalo hana uwezo wa kuliacha? Je, Mola mwadilifu anaweza kumhesabia mja wake kosa ambalo amemuumba nalo na kumnyima njia ya kutoka? Hasha! Hivyo basi, nilipokuwa nikisema "ndivyo nilivyo," sikuwa nikisema habari za hasira yangu peke yake. Nilikuwa nikisema jambo zito juu ya Mola wangu, kwamba ameniamrisha nisiloliweza. Itikadi niliyodhani ni unyenyekevu ilikuwa dhana mbaya kwa Mwenyezi Mungu.

Qurani Tukufu inatufundisha katika Suratur Raad kwamba Mwenyezi Mungu habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Tunaipenda aya hii tunapozungumzia umasikini wetu na udhaifu wa umma. Ni mara ngapi tumeisoma tukiwa peke yetu, mbele ya tabia moja tu tunayoijua?

Mwanachuoni aliyefungwa ulimi

Katika kutafuta dawa nilirejea kwa Imam Al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vinajulikana na masheikh wa pwani yetu. Nataka niwasimulie habari zake, maana alilolihubiri yeye mwenyewe alikuwa amelipitia.

Alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, katika nchi ya Khurasan. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimteua kufundisha katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, mahali palipokuwa na hadhi kubwa kwa mwanachuoni wa zama zile. Yeye mwenyewe ametaja kuwa alikuwa na wanafunzi 300. Watawala walimheshimu, na fatwa zake zilitafutwa.

Kisha akaanza kuihoji nia yake. Katika kitabu alichosimulia maisha yake anakiri kwamba alipoichunguza kazi ya kufundisha, ambayo ndiyo ilikuwa bora kabisa kati ya kazi zake, aliona kwamba inasukumwa na kutaka cheo na sifa. Tangu mwezi wa Rajab mwaka 488 wa Hijra, yaani mwaka 1095, alibaki karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azma huvunjika. Shetani humnong'oneza kwamba hiyo ni hali ya kupita tu, na kwamba akiviacha vyeo hivyo huenda akavitamani kesho asivipate.

Mwishowe ulimi wake ukafungwa. Akawa hawezi kutamka neno mbele ya wanafunzi, na chakula hakishuki. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni na hautatibika mpaka moyo upumzike. Hapo ndipo alipomwomba Mwenyezi Mungu kama aombavyo mtu asiye na hila yoyote, na Mwenyezi Mungu akamrahisishia kuuacha umaarufu na mali. Alitoa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake, akatoka Baghdad. Alikaa Damascus karibu miaka miwili. Huko alikuwa akijifungia katika mnara wa msikiti. Alikwenda Baitul Muqaddas na kutekeleza Hija, kisha akarejea nchini kwao. Ni mwaka 1106 tu aliporudi kufundisha, mara hii katika mji wa Nishapur. Akaeleza kwamba kurudi kwake hakukuwa kurudi: zamani alikuwa akifundisha elimu ya kuchumia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kukiacha cheo. Alifariki mwaka 1111 huko huko Tus.

Tazameni, ndugu zangu. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka 37, na elimu yote ile, alipogundua kuwa ndani yake mna jambo la kubadilishwa. Angeweza kusema, "Wanavyuoni ndivyo tulivyo."

Kokwa ya tende

Katika kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid Din, Imam Al-Ghazali aliweka mlango mzima juu ya kuizoeza nafsi. Humo anawajibu wale wanaodai kwamba tabia haibadiliki. Anasema kwa maana kwamba kama tabia isingebadilika, basi mawaidha, nasaha na malezi yote yangekuwa kazi bure. Na itakuwaje mwanadamu ashindikane, hali mnyama wa mwituni hufugwa akatulia, mbwa hufundishwa asile windo la bwana wake, na farasi mkaidi akatii hatamu?

Kisha anatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si mtufaha. Hata uihudumie vipi, haitakuwa mtufaha kamwe. Lakini imeumbwa namna ambayo ikipandwa na kutunzwa, itakuwa mtende. Na ndivyo zilivyo hasira na matamanio. Hatukuamrishwa kuzing'oa kabisa, na wala hatuwezi. Mtu asiye na hasira hata kidogo hawezi kujilinda wala kuwalinda wake. Tumeamrishwa kuzilea mpaka zitii akili na sheria.

Mfano huu ulinipa nafuu kubwa, na naamini utawapa nafuu wengi walioko hapa. Hakuna anayekutaka uwe mtu mwingine. Aliye mpole hatakiwi kuwa mkali, na aliye mkali hatakiwi kulegea kama kamba mbovu. Unatakiwa uwe mtende wako. Lakini kokwa iliyowekwa kabatini haioti, hata ikisomewa dua kila siku.

Namna ya kuanza

Kwanza, mtu aijue aibu yake. Al-Ghazali anataja njia nne: mwalimu mwenye kuona, rafiki mkweli, maneno ya adui, na kuchanganyika na watu ili unalolichukia kwao ulitafute kwako. Mimi nilimwendea rafiki wa tangu madrasa, nikamwomba aniambie ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Nimeingoja siku hii miaka kumi na tano." Aliyoyasema baadaye yaliniuma, na yote yalikuwa kweli.

Pili, mtu atende kinyume cha ugonjwa wake, kama tabibu atibuvyo joto kwa baridi. Bahili atoe, mwenye kiburi ahudumie. Mwanzoni atajilazimisha, kama mwanafunzi wa hati anayeiga maandishi ya mwalimu wake mpaka mkono uzoee. Al-Ghazali anasimulia kuwa mmoja wa watu wa kale alikuwa akimkodi mtu amtukane hadharani ili ajizoeze upole. Mimi sikuhitaji kumkodi mtu, maisha yalinitosha. Nilishika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba aliyekasirika amesimama na akae. Nilikaa popote: kizingitini, juu ya gunia la mkaa, mara moja katikati ya njia ya sokoni, watu wakadhani nimeugua. Nilikuwa nimeugua kweli, na ile ndiyo ilikuwa dawa.

Tatu, asikate tamaa anapoanguka. Nilianguka mara nyingi. Lakini aliyeamini kwamba anaweza kubadilika akianguka huomba msamaha na kuinuka, na yule asemaye "ndivyo nilivyo" akianguka huomba mto alale papo hapo.

Samaki mkavu

Najua baadhi ya wazee wenzangu wanasema moyoni: haya ni ya vijana, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, nayo inatuhimiza kuwalea watoto mapema. Lakini tusiigeuze kuwa hati ya kujihukumu. Waulizeni akina mama hawa. Ng'onda aliyekauka kama ubao, wao humfanyaje? Humroweka. Humwacha majini usiku kucha, na asubuhi hukunjika kwa vidole. Maji ya moyo wa mzee ni toba, machozi ya usiku na kuomba radhi. Na mzee anapoomba radhi kwa mkewe na wanawe, hapunguzi heshima yake. Nilipowaomba wangu, mke wangu hakusema kitu. Alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Mtaniuliza habari za yule kijana. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, bila kumtaka arudi. Baada ya miezi mitano alikuja kwa Iddi, akalala siku mbili. Sasa huja kila mwaka. Bado hunitazama usoni kwanza kabla hajazungumza, kama mtu anayeangalia mawingu kabla ya kuanika nafaka. Simlaumu. Miaka 19 haifutwi kwa Iddi moja. Lakini yule mdogo, aliyeniambia kuwa watu wa kwetu ndivyo tulivyo, majuzi nilimwona amechukizwa na wenzake uwanjani. Akakaa chini.

Ndugu zangu, usiku wa leo kila mmoja na aitafute sentensi moja anayoisema juu ya nafsi yake na ambayo Mola wake hakuisema. Akiipata, asiwarithishe watoto wake.

Mwenyezi Mungu azitakase nafsi zetu, kwani Yeye ndiye mbora wa kuzitakasa. Atupe ushujaa wa kuomba radhi na subira ya kungoja matunda yake. Na awarejeshe nyumbani wote waliofukuzwa na ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.