Uchovu wa Kazi: Maelezo kwa Watumishi wa Umma, Gare, Lushoto
Nashukuru kwa mapokezi yenu, hasa makoti mliyotuazima sisi watu wa visiwani.

Nilipata kuitumikia ofisi ambayo sitaitaja. Miaka mitatu sikwenda likizo, nami nikijiona shujaa. Usingizi ulinipotea, majalada yakarundikana, na kila aliyebisha hodi nilimwona adui. Siku moja alikuja mzee mmoja, kwa mara ya nne, kuulizia kiinua mgongo chake. Nilimkaripia mbele ya watu. Barua yake ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu.

Mkubwa wangu hakuniandikia onyo. Alilitazama daftari la likizo, akanipeleka nyumbani siku ile ile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hii hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiosimamiwa ipasavyo. Mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi yake, na ufanisi wake hushuka. Shirika halikuihesabu kuwa maradhi. Nami naongeza kwamba wala si uvivu, kwani mvivu hachoki. Lakini aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi, au aliyekata tamaa ya kuishi, asingoje likizo, amwone daktari. Katika milima hii ya Usambara, huko Lutindi upande wa Korogwe, ipo hospitali ya magonjwa ya akili tangu zama za Wajerumani. Kuiendea si aibu.

Zama hizo hizo, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, wazee wenu walipewa kadi ya kazi: siku 30 katika shamba la mzungu kila miezi minne, wapende wasipende. Siku za kazi zilihesabiwa moja moja. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28. Nani anazihesabu?

Wakuu wa shule na vituo, lifungueni daftari hilo kila mwezi. Yule msifiwa wa uchapakazi ambaye hajapumzika miaka miwili, mwiteni kwanza. Kazi zake zigawanywe kabla hajaondoka, maana akirudi akalikuta rundo lile lile, hakupumzika.

Yule mzee nilimfuata kwake nikiwa likizoni, nikamtaka radhi. Alinikaribisha kahawa, kisha akaniuliza iwapo sasa napata usingizi.