Hoja ya leo: "Walichanjwa na bado wakaugua"

Bajeti ya afya ikianza kujadiliwa, hamkosi kumsikia mheshimiwa akisema: "Watu walichanjwa na bado wakapata korona, kwa hivyo hizo pesa zilipotea bure." Makofi yanafuata. Mimi nasomea siasa, si daktari, lakini hoja hii inaanguka ukijua kinga ya mwili inavyofanya kazi.

Kuna kingamwili na kuna seli T. Kingamwili ni kama bawabu wa geti: zinakinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Shida ni kwamba zinapungua baada ya miezi kadhaa, na kirusi kikibadilika sura kinaweza kuzipita.

Seli T hazitafuti kirusi kizima. Seli ya mwili ikiambukizwa, inakatakata protini za kirusi na kuonyesha vipande vyake kwa nje. Kila seli T inatambua kipande chake. Ikikipata, inazaana haraka. Nyingine zinaua seli iliyoambukizwa, nyingine zinasaidia kutengeneza kingamwili zaidi, na chache zinabaki kama kumbukumbu. Kwa hivyo unaweza kuambukizwa, lakini ugonjwa ukazimwa kabla haujakufikisha ICU.

Ushahidi upo. Omicron ilipotangazwa Novemba 2021 kutoka kusini mwa Afrika, ilizikwepa kingamwili nyingi. Lakini watafiti wa Cape Town walipima watu waliochanjwa na waliowahi kuugua, wakakuta asilimia 70 hadi 80 ya nguvu ya seli T dhidi ya protini ya mwiba bado ipo. Kirusi kinaweza kubadilisha vipande kadhaa, si vyote kwa mpigo. Kule Singapore, watu waliougua SARS mwaka 2003 walikutwa na seli T za kumbukumbu miaka 17 baadaye.

Kuuliza dozi zilinunuliwa bei gani, ngapi ziliharibika, na nani hakufikiwa, hiyo ni haki yetu. Tuulize tena na tena. Lakini mtu akisema "bado waliugua", muulize: waliugua kiasi gani, na wangapi walilazwa? Asipojibu hilo, hajapima chanjo. Na bajeti ya chanjo ya watoto wetu ikikatwa kwa hoja kama hiyo, watakaolipa si waliopiga makofi.

Karibuni kwa maswali.