Kuitegemeza Bunduki Kabla ya Kuirekebisha

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bunduki ya porini ikawa hasa chombo cha askari wa wanyama, kama wale wailindao mbuga ya Ruma yenye korongo na nyati. Nyati aliyejeruhiwa hujificha vichakani akamvizia mtu. Basi bunduki isiyopiga sawa haifai kutolewa ghalani.

Ili ijulikane kama kosa limo katika bunduki au katika mkono, bunduki na itegemezwe. Jiwe au meza tupu haifai, kwani kitu kigumu huirusha bunduki, na risasi hupita juu. Kilicho bora ni kifuko cha mchanga mkavu. Mguu wa suruali kuukuu, ulioshonwa pande zote mbili, watosha kabisa. Kiwekwe chini ya ubao wa mbele, kisiuguse mtutu, na kingine kidogo chini ya kitako.

Zipigwe risasi tatu kwa mita 100, pasipo haraka. Matundu yakikaribiana, kilengeo cha nyuma kisogezwe upande ule risasi inakotakiwa kwenda. Yakitawanyika, kilengeo kisiguswe. Vifuko vitazamwe kwanza.