HER2: Alama na Shabaha

Msikilizaji, tuongee kidogo kuhusu HER2, protini inayokaa juu ya seli na kuipitishia amri ya kukua. Sote tunayo. Lakini katika saratani za matiti takriban 15 hadi 20 kati ya kila 100, huzidi kiasi, na uvimbe hukua mbio.

Sasa sikiliza hapa. Protini hiyo hiyo ni alama ya kumtambua adui na ni shabaha ya kumpiga. Maabara hukitia rangi kipande kilichokatwa kwenye uvimbe. HER2 ikionekana tele, mgonjwa anafaa kupewa trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Faida yake ni kubwa: imerefusha maisha ya wanawake wengi. Kwa upande wa pili, hutolewa kila wiki 3, mara nyingi mwaka mzima, ni ghali, na inaweza kuudhoofisha moyo. Asiye na HER2 nyingi huambulia madhara na deni tu. Ndiyo maana mimi nakipa kipimo uzito kuliko hata dawa, ingawa kipimo hakipigiwi picha wala kukatiwa utepe.

Fikiria basi mama aliyesafiri usiku kucha kwa basi hadi hospitali ya rufaa, akaambiwa majibu ya kipimo yatarudi baada ya wiki kadhaa. Fedha ikiwa chache, itangulie wapi: maabara au duka la dawa?